Nitaombaje Msaada, Nami Ndiye Ninayetegemewa?

SWALI: Ndugu Mshauri, Bwana Yesu asifiwe. Nina kibanda cha kushonea hapa Jinja, chenye vyerehani vitatu na mafundi wawili. Mwezi wa pili, masomo yalipoanza, shule moja ilichukua kwangu sare 120 kwa shilingi 45,000 kila moja, ikalipa nusu na kuahidi nusu nyingine kabla ya muhula kwisha; mpaka leo naambiwa nirudi wiki ijayo. Ili kununua kitambaa nilikuwa nimekopa milioni 2 kwa mkopeshaji wa mtaani, kwa riba ya 10% kwa mwezi, na sasa mafundi wangu wana majuma sita hawajalipwa. Kanisani mimi ndiye mweka hazina wa kikundi cha akina mama, na wengi huja kwangu kuuliza habari za biashara. Mchungaji wetu hupenda kuhubiri kwamba mwana wa Mungu hukopesha wala hakopi. Nikiomba msaada, si nitakuwa nimeiaibisha imani yangu?
Fundi wa sare, Jinja

JIBU: Dada yangu, neno analolihubiri mchungaji wako limo katika Kumbukumbu la Torati sura ya 28, nalo ni ahadi iliyotolewa kwa taifa zima. Kurasa chache nyuma, katika sura ya 15, kitabu hicho hicho kinamwamuru mwenye nacho asimfumbie mkono ndugu yake aliyepungukiwa, bali amkopeshe kwa kadiri ya haja yake. Kama kukopa kungekuwa aibu kwa mcha Mungu, amri hiyo ingekuwa ya nini? Sisemi mchungaji amekosea. Nasema umesikia nusu, na nusu hiyo imekufunga mdomo.

Kinachonisumbua zaidi katika barua yako ni wale mafundi wawili. Aibu umeificha wewe, lakini wanaoilipia ni wao.

Paulo aliwaandikia Wagalatia, katika sura ya 6, kwamba wachukuliane mizigo, na mistari mitatu mbele akasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Waliotutafsiria Biblia walituwekea maneno mawili, na walifanya vyema. Furushi ni la nguo zako, unalikumbatia na kwenda nalo safari. Mzigo ni gunia la mahindi: hata mama mwenye nguvu kuliko wote sokoni humwita aliye karibu amtwishe, kisha hutembea nalo mwenyewe hadi nyumbani, wala hakuna anayemwita mvivu. Kuyajua mahesabu yako, kuwatazama mafundi wako usoni, kukataa kutoa sare 120 mwakani bila tarehe ya malipo kwa maandishi, hayo ni furushi lako. Shilingi 2,700,000 zilizokwama shuleni, huku riba ya 200,000 ikikuamkia kila mwezi, hilo ni gunia.

Sasa, kuomba kwenyewe. Nilipokuwa nikiuza viatu vya mitumba katika soko la Owino, Kampala, niliwahi kusimama katika ushirika wetu na kusema, “Mniombee, mambo ni magumu.” Waliniombea kwa bidii, tukanywa chai, wakaenda zao, hakuna aliyejua ninachohitaji, nami nikawalaumu moyoni kwa muda mrefu. Baadaye nilimwambia mmoja wao, karani wa hesabu, aje Jumamosi saa kumi alitazame daftari langu. Alikuja, akashika kalamu, na kabla kikombe chake hakijapoa akaniuliza, “Kodi ya kibanda umeiandika wapi?” Sikuwa nimeiandika popote. Miezi minane nilikuwa nikijiona nina faida.

Mjane wa Wafalme wa Pili sura ya 4, ambaye mdai alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawili, alimlilia Elisha, na nabii akamuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta tu. Basi kwa majirani hakutumwa kuomba mafuta, alitumwa kuazima vyombo vitupu. Mafuta yako yako shuleni. Unachokosa ni vyombo. Mwombe mchungaji, au mzee wa kanisa anayeheshimiwa na mwalimu mkuu, afuatane nawe siku moja mkiwa na karatasi iliyosainiwa siku ya kupokea sare, ili mrudi na tarehe za malipo kwa maandishi. Ombi la namna hiyo halimgharimu mtu zaidi ya asubuhi moja, na ni vigumu kulikataa.

Kwa mkopeshaji, uliza kwanza kama ana leseni ya UMRA, mamlaka ya Uganda inayosimamia mikopo midogo. Kiwango cha juu cha riba kilichotangazwa na serikali mwaka 2024 kwa wakopeshaji wa namna hii ni 2.8% kwa mwezi, yaani shilingi 56,000 kwa deni lako badala ya 200,000. Usiende kugombana naye peke yako. Nenda na mtu anayezijua taratibu hizo.

Neno moja zito kuhusu kikundi. Makufuli matatu ya sanduku la akiba, kila ufunguo kwa mtu wake, hayakuwekwa bure, na mweka hazina mwenye shida ndiye wa kwanza kushawishiwa na shetani wa “nitarudisha Ijumaa”. Ukihitaji mkopo wa kikundi, uombe mkutanoni kama mwanachama mwingine yeyote, taja kiasi na siku ya kurudisha, kisha toka nje wakati wenzako wanaujadili. Wale wanaokujia kuuliza habari za biashara watakuona ukitoka, na sioni ubaya wowote wa wao kuona.

Lakini kabla ya yote hayo, zungumza na mafundi leo jioni, kabla hawajafunika vyerehani. Waambie deni lao ni kiasi gani, shule inadaiwa kiasi gani, na lini utakwenda huko. Waombe subira kwa tarehe, na kama kuna shilingi 50,000 kwenye droo, wagawie hizo kwanza.