Maswali na majibu: Nataka kurekodi simu ya video, mteja asijue

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni msimamizi wa ujenzi, ofisi yangu ipo Goba. Nina mteja, Mtanzania anayeishi Hamburg, Ujerumani, anajenga nyumba huku. Kila wiki nampigia video ya WhatsApp nikiwa saiti, anaiona kazi na kutoa maelekezo: ongeza kibaraza, badilisha vigae, dirisha hili lipanuliwe. Bili ikimfikia anakana, anasema hakutamka hayo. Kuna kijana Kariakoo ananiambia kwa elfu ishirini ataniwekea programu inayorekodi simu zote za WhatsApp kimyakimya, picha na sauti, mteja asijue. Simu yangu ni Android, na ofisini nina laptopu. Je, sheria inaruhusu? Na kama hiyo programu haifai, niweke ipi?

JIBU: Marahaba. Hiyo elfu ishirini iache mfukoni kwanza.

Swali kama lako naletewa kila mara, na kila mara linaishia palepale: "asijue". Sijui nani aliwaaminisha watu kwamba rekodi ya siri ina nguvu kuliko rekodi ya wazi. Wewe hufukuzii mwizi. Unataka mteja wako aseme jambo leo na mwezi ujao asilikane. Kwa kazi hiyo, rekodi anayoijua ndiyo yenye faida, kwa sababu mtu akijua anarekodiwa hutaja vipimo, na huuliza bei kabla ya kusema "ongeza". Ukimrekodi kwa siri atabwabwaja kama kawaida yake, utakuwa na dakika arobaini za maneno yasiyo na kipimo wala bei, na ugomvi utabaki ulipokuwa.

Najua pia utakachonijibu, maana nasikia kila siku: simu ni yangu, bando ni langu, mazungumzo ni yangu. Simu na bando ni vyako, sawa. Sura na sauti ya mteja si vyako. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 16, inalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 zote zinafanya kunasa mawasiliano bila mamlaka kuwa kosa. Hapo wajanja hudakia: "Mimi sijanasa cha mtu, mimi nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakiongea." Hoja hiyo mpe wakili wako. Haikuondoi kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ambayo inataka mtu aelezwe kabla taarifa zake hazijakusanywa: zinakusanywa kwa lengo gani, na nani atazipata. Na kwa kuwa unafanya biashara na una majina, namba na mikataba ya wateja, suala la kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi linakuhusu hata kama hujawahi kurekodi simu hata moja. Wasimamizi wengi wa ujenzi ninaokutana nao hapa mjini hawajui hata kama Tume hiyo ipo.

Halafu mteja wako yupo Hamburg. Ujerumani hawana mchezo na jambo hili. Kifungu cha 201 cha sheria yao ya makosa ya jinai kinasema kurekodi maneno ya mtu yasiyo ya hadharani bila ridhaa yake ni kosa, kifungo hadi miaka 3 au faini. Marekani, sheria ya shirikisho hutosheka na ridhaa ya mmoja wa wanaoongea, lakini ukiwa na mteja California lazima wote waridhie. Ukifanya kazi na Watanzania wa nje, huwezi kukariri sheria ya kila nchi. Omba ridhaa kila simu, kila mtu, usiumize kichwa.

Kuomba ridhaa hakuhitaji fomu ya kurasa tatu. Weka kipengele kimoja kwenye mkataba kwamba vikao vya makubaliano vitarekodiwa. Kabla ya kubonyeza kurekodi, muulize. Akikubali, bonyeza, halafu urudie ukiwa tayari unarekodi: "Leo ni tarehe fulani, naongea na fulani kuhusu nyumba yake ya Goba. Mazungumzo haya yanarekodiwa kwa kumbukumbu ya makubaliano ya ujenzi, nitayatunza mimi hadi nyumba ikabidhiwe. Uko radhi?" Nyamaza. Subiri "ndiyo" itoke mdomoni mwake, kutikisa kichwa tu hakutoshi. Akikataa, usirekodi, basi.

Sasa vifaa. Hapa watu hupenda orodha ndefu ya programu kumi bora, na mimi sina orodha hiyo. Laptopu uliyonayo inatosha.

Kwanza tenganisha mambo mawili unayoyachanganya. Kutembea saiti ukimwonyesha zege na nondo hakuhitaji kurekodiwa. Endelea na WhatsApp yako, na picha za kazi zipige kwa kamera ya simu kama unavyofanya siku zote. Kinachohitaji rekodi ni zile dakika kumi za kukubaliana. Kwa hiyo ukimaliza kuzunguka, rudi kwenye laptopu, mtumie linki ya Zoom, mkae mkubaliane. Akaunti ya bure ya Zoom inakuruhusu kurekodi na kuhifadhi kwenye kompyuta yenyewe, na kikao kinaruhusiwa hadi dakika 40, ambazo zinakutosha na kubaki. Ukiwa mwenyeji wa kikao kwa akaunti ya bure huwezi kurekodi kwa simu, ndiyo maana nasisitiza laptopu. Ukibonyeza kurekodi, Zoom inawaarifu waliomo kwamba kikao kinarekodiwa. Kuna watu huniuliza jinsi ya kuizima arifa hiyo. Arifa hiyo ndiyo shahidi wako! Unataka kumzima shahidi wako mwenyewe?

Kikao kikiisha, usifunge laptopu. Zoom hugeuza rekodi kuwa faili la video la mp4 baada ya kikao, na kwa umeme wetu huu, betri ikiwa imechoka utakatikiwa katikati. Ukikatikiwa usipaniki wala usifute kitu. Ndani ya folda ya kikao hicho utakuta faili ambalo jina lake linaanza na double_click_to_convert. Libonyeze mara mbili, kazi itaendelea.

Google Meet kwa akaunti ya kawaida ya Gmail haikupi kitufe cha kurekodi, hiyo ni ya vifurushi vya kulipia. Teams ya Microsoft nayo ni vilevile, na kwenye mipangilio yake ya kawaida rekodi huisha muda baada ya siku 120, kwa hiyo ofisi zinazoitumia zishushe faili mapema.

Kama mteja hataki kusikia habari za Zoom, ingia WhatsApp kwenye laptopu, mpigie kutoka hapo, na urekodi skrini kwa programu ya OBS Studio. Ni ya bure, ishushe kwenye tovuti yao wenyewe, siyo kwa flashi ya rafiki. Kabla ya kupiga simu, angalia vile vipimo viwili vya sauti vilivyo chini kwenye dirisha la OBS, cha kompyuta na cha maikrofoni. Ongea, uone kimoja kinapanda. Cheza wimbo wowote, uone cha pili kinapanda. Kisipopanda kimojawapo, utapata nusu ya mazungumzo. Kwenye mipangilio chagua aina ya faili la video iitwayo mkv badala ya mp4 ya kawaida, maana mp4 ikikatizwa na umeme mara nyingi haifunguki tena, mkv inabaki na kila kilichorekodiwa hadi sekunde ile. Ukimaliza, OBS yenyewe inaweza kuigeuza kuwa mp4. Ila kumbuka OBS haimtangazii mtu yeyote chochote. Ridhaa ni juu yako.

Sasa tumrudie kijana wa Kariakoo. Jiulize kwa nini programu yake haipo Play Store. WhatsApp haina kitufe cha kurekodi simu. Android nayo huzuia programu za kawaida kuchukua sauti ya simu inayopita kwenye programu nyingine, ndiyo maana ukitumia kirekodi skrini cha simu mara nyingi unapata sauti yako tu, au kimya kitupu, na mteja anafungua na kufunga mdomo kama samaki. Zipo programu zilizokuwa zikipenya kwa kutumia ruhusa ya Ufikivu, ile iliyowekwa kuwasaidia watu wenye ulemavu, na Google ilizipiga marufuku Play Store tangu Mei 2022. Kwa hiyo kijana anakuletea faili la APK, yaani faili la kuweka programu bila kupitia Play Store, kutoka anakokujua yeye, anakuambia uruhusu vyanzo visivyojulikana, kisha uwashe Ufikivu. Mwingine anakubadilishia WhatsApp yenyewe anakuwekea ile ya kughushi, na hiyo inaweza kufanya namba yako ifungiwe.

Hebu elewa Ufikivu unatoa nini. Programu yenye ruhusa hiyo inaweza kusoma kilichoandikwa kwenye skrini na kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Simu hiyohiyo ndiyo unayopokelea hela za mteja, ndiyo inapokea namba za uthibitisho za benki, ndiyo unafungulia programu ya pesa za mtandao. Umemlipa mtu elfu ishirini ili umpe mtu mwingine usiyemjua kiti cha mbele kwenye akaunti zako. Nikiwaeleza watu hivi wananiambia, "Lakini inafanya kazi, nimeijaribu." Ndiyo, inafanya kazi. Ingekuwa haifanyi kazi ungeifuta siku hiyohiyo.

Na tuseme umefanikiwa, una rekodi ya siri, mmefika mahakamani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 haitaki ushahidi ukataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini inapimwa namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa, kama haujaguswa, na aliyeutoa anatambulika vipi. Wakili wa upande wa pili atakuuliza faili limetengenezwa na programu gani. Utasema hujui jina. Aliiweka nani? Kijana. Anaitwa nani? Kijana wa Kariakoo.

Hata rekodi halali watu huiharibu wenyewe. Wanaikata kipande "kizuri" na kukirusha kwa WhatsApp kama video ya kawaida, WhatsApp inaibana, ubora unashuka, kisha wanafuta faili la asili kwa sababu simu imejaa. Faili la asili halikatwi. Likae kwenye laptopu na nakala moja kwenye diski ya nje. Ukilazimika kulituma, litume kama dokumenti.

Na nikwambie jambo ambalo wauza programu hawatakwambia kwa sababu halina hela ndani yake. Kwa kesi yako, baada ya kila simu mwandikie mteja ujumbe: "Kama tulivyoongea leo, kibaraza cha mbele kinaongezwa mita mbili, gharama ya ziada ni kiasi hiki. Fundi hataanza hadi unijibu kwamba umekubali." Asipojibu, fundi asiguse tofali. Mimi ningechagua ujumbe huo kuliko saa nzima ya video, kwa sababu hakuna hakimu, msuluhishi wala shemeji wa mteja atakayekaa kutazama saa nzima ya video.

Ninachokiona sasa mjini kinanitisha kuliko ugomvi wako wa vigae. Maofisa waajiri wanarekodi usaili wa video na kuwatumia wenzao wacheke. Walimu wa masomo ya ziada wanarekodi vipindi vya Zoom vyenye sura za watoto na kuvipandisha mtandaoni kujitangazia biashara, wazazi hawajaulizwa. Vikundi vya kukopeshana vinarekodi vikao, na mwanachama akichelewesha rejesho kipande chake akilia shida kinazungushwa kwenye magrupu. Wote hao ukiwauliza watakwambia walikuwa na haki ya kurekodi. Wengine kweli walikuwa nayo. Hawakuwa na haki ya kusambaza, maana ridhaa ya kurekodi kwa kumbukumbu ni ya kumbukumbu tu.

Ofisi inayorekodi iandike ukurasa mmoja: nani anarekodi, faili linakaa wapi, nani anaruhusiwa kulifungua, linafutwa lini. Ukiona ofisi ina rekodi za miaka mitatu kwenye laptopu ya katibu muhtasi isiyo na nywila, hapo tatizo limeshaanza, bado kulalamikiwa tu.

Kama ulishamlipa yule kijana na programu imeshaingia, zima intaneti ya simu kwanza. Nenda kwenye mipangilio, kipengele cha Ufikivu, uone programu gani usiyoijua imewashwa, uizime, ndipo uiondoe. Ikigoma kuondoka, au huna hakika imeingia na nini kingine, hifadhi picha na namba zako, rudisha simu kwenye hali ya kiwandani, kisha uweke WhatsApp kutoka Play Store. PIN za benki na za pesa za mtandao zibadilishe baada ya hapo au kwa simu nyingine. Ukizibadilisha kwenye simu hiyo kabla hujaisafisha, utakuwa unamwonyesha mwenye programu hiyo PIN mpya.