Gesi ya AC Haiishi Kama Mafuta ya Taa: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kufunga Kiyoyozi

Msimu wa joto la pwani umetuletea barua nyingi kuhusu AC za spliti, zile zenye yuniti moja ukutani ndani na nyingine nje. Tumechagua tano. Zile zinazoilaumu mashine, ukizisoma kwa makini unaona kosa lilifanyika siku ya kufunga.

Chumba changu ni mita 4 kwa 4.5. Dirisha linatazama machweo, paa ni bati, dari ni jipsamu. Muuza duka ananishauri BTU 18,000 badala ya 12,000 "ili ipoze haraka". Nimsikilize? — Msomaji, Kigamboni

Usimsikilize kwanza, ndugu yetu. BTU ni kipimo cha nguvu ya AC ya kupoza. Anza na eneo: 4 × 4.5 ni mita za mraba 18. Kwa chumba cha kawaida chenye dari ya mita 2.7 hivi, hesabu ya haraka ni BTU 600 kwa kila mita ya mraba, yaani 10,800. Dirisha la jua la jioni na bati lisilo na kinga vinaongeza asilimia 10 hadi 20. Unafika kati ya 11,900 na 13,000.

Kwa hiyo BTU 12,000 inatosha ukipunguza joto linaloingia. Weka kivuli nje ya dirisha, kwa sababu pazia la ndani linazuia jua likiwa limeshapita kioo. Tandaza pia karatasi ya kinga yenye rangi ya fedha juu ya dari, ukiacha nafasi ya hewa kati yake na bati. Gharama hiyo unailipa mara moja, ilhali ukubwa wa mashine utaulipia kila unaponunua umeme.

Tatizo la mashine kubwa mno, hasa isiyo ya inveta, ni kwamba hufikisha baridi upesi ikazima kabla haijakausha hewa. Joto la pwani ni nusu unyevu. Utalala kwenye chumba cha nyuzi 23 huku shuka zikiwa na unyevunyevu na ukuta ukianza kuota ukungu. Kama fedha inaruhusu, chukua ya inveta, ambayo hupunguza mwendo wa kompresa (pampu inayosukuma gesi) badala ya kuwaka na kuzima. Iweke kwenye 25 au 26 na uwashe pangaboi taratibu.

AC yetu ilifungwa mwaka jana. Kila baada ya miezi mitatu au minne inaacha kupoza, fundi anakuja kuongeza gesi. Tumeshalipa mara tatu. Hivi gesi huisha haraka namna hii? — Mama wa watoto wawili, Tanga

Mama, gesi haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa kwenye kandili. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na mfumo mzima unaweza kukaa na gesi ileile miaka yote ya maisha yake. Ikipungua, imevuja. Fundi anayeongeza bila kutafuta tundu anakurudisha kwenye bili ileile.

Kwenye AC iliyofungwa karibuni, pa kutazama kwanza ni maungio manne ya nati, mawili nyuma ya yuniti ya ndani na mawili kwenye yuniti ya nje. Hapo mdomo wa bomba la shaba hutanuliwa uwe kama tarumbeta, kisha nati inaubana. Mdomo huo hauvumilii haraka. Bomba likatwe kwa kikatio cha gurudumu, si msumeno, maana unga wa shaba ukiingia ndani unaishia kwenye kompresa. Ukingo wa ndani ukwanguliwe mdomo ukiwa umeelekezwa chini. Nati ivishwe kabla ya kutanua (wengi husahau, wakakata upya). Uso wa tarumbeta uwe laini, wenye upana sawa pande zote, usio na ufa, upakwe tone la mafuta ya kompresa. Kwenye kukaza, bomba la robo inchi linataka mkazo wa nyutoni-mita 15 hadi 18, na la inchi tatu kwa nane 34 hadi 42. Spana ya kupimia mkazo ndiyo inayojua hilo. Mkono ukizidisha, mdomo unapasuka. Ukipunguza, unavuja kidogokidogo kwa miezi mitatu, kama kwenu.

Mwambie fundi apake povu zito la sabuni kwenye maungio hayo mashine ikiwa imezimwa, maana hapo presha ya pande zote mbili inakuwa juu. Povu lisipoonyesha kitu, gesi iliyobaki itolewe na kuhifadhiwa kwenye mtungi, mfumo ujazwe naitrojeni kavu mpaka psi 400, na uachwe angalau saa moja. Hewa ya kawaida ya kompresa ya matairi isitumike, ina unyevu. Oksijeni isitumike kabisa: ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka na kuua.

Kisha inakuja hatua inayorukwa kuliko zote: vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote kutoka ndani ya mabomba. Muulizeni fundi kabla hajapanda ngazi, "Pampu ya vakyumu umekuja nayo?" Akijibu kwamba atafungua vali kidogo ili gesi isukume hewa nje, mtafute mwingine. Njia hiyo inapoteza gesi iliyopimwa kiwandani na inaacha nyuma unyevu ulioshika kuta za bomba. Mafuta ya mashine zinazotumia gesi za aina ya R410A na R32 hunyonya maji kwa pupa. Maji hayo pamoja na joto la kompresa huzaa asidi, na asidi hiyo inakula ganda la nyaya za mota. Hewa iliyobaki nayo haigeuki kimiminika kama gesi, hivyo inapandisha presha na kuichosha kompresa kila siku. Mashine itapoza vizuri mwaka wa kwanza, ndiyo maana kosa hili halionekani.

Pampu inafanya kazi kwa sababu presha ikishuka sana, maji huchemka hata kwenye joto la chumba, yakageuka mvuke ukanyonywa. Kwa bomba la mita 4 au 5, pampu nzuri iende dakika 30, ifike chini ya maikroni 500 (kipimo cha presha ndogo sana). Sindano ya geji ya kawaida haisomi kiwango hicho, inahitajika geji ya vakyumu yenyewe. Fundi asipokuwa nayo, angalau afunge vali ya geji, azime pampu na kusubiri dakika 15. Sindano ikipanda, kuna tundu au maji bado yamo. Isipotikisika, kwenye mashine mpya vali za yuniti ya nje zifunguliwe kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) mpaka mwisho. Kwenu, ambako gesi ilitolewa, ijazwe upya kwa kupimwa kwenye mizani, gramu zilezile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha yuniti ya nje. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, hivyo iingie ikiwa kimiminika. Bomba likizidi urefu uliohesabiwa kiwandani, mara nyingi mita 5 au 7.5, huongezwa gramu 15 hadi 20 kwa mita kulingana na kitabu cha mashine.

Yuniti ya ndani inadondosha maji kitandani, na ile ya nje imeanza kuliwa na kutu, haina hata miaka miwili. Nyumba iko karibu na bahari. — Msomaji, Nyali, Mombasa

Maji kwanza. Osha vichujio; vikiziba, koili (mabomba ya baridi ya ndani) inaganda barafu ambayo baadaye huyeyuka na kufurika. Pwani vioshwe kila wiki mbili. Vikiwa safi, angalia tundu la ukutani, ambalo kwa kawaida lina upana wa milimita 65: upande wa nje uwe chini kuliko wa ndani kwa milimita 5 hadi 10. Bomba la maji literemke angalau sentimita 1 kwa kila mita, lisiwe na tumbo linaloning'inia, na ncha yake isizame ndani ya ndoo. Yuniti yenyewe ipimwe kwa pimamaji. Kipimo cha mwisho ni rahisi: mimina lita moja ya maji kwenye trei ya ndani na uone yanatokea nje yote.

Chanzo kingine ni sponji la mabomba. Kwenye spliti, bomba jembamba nalo lina baridi, kwa sababu gesi hutanukia kwenye yuniti ya nje. Mabomba yote mawili yavikwe, kila moja na sponji lake. Pwani unene wa milimita 13 hufaa kuliko ule wa 9. Pengo la kidole kimoja linatosha kulowesha ukuta.

Kuhusu chumvi, hamishia yuniti upande usiopigwa na upepo wa bahari. Isuuze kwa maji baridi ya bomba kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa, kwa mpira wa kawaida. Mashine ya kuoshea magari itakunja mapezi ya alumini. Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Ukinunua nyingine, chagua yenye koili iliyopakwa kinga, na nyuma yake acha sentimita 30 hewa ipite.

Naweza kuichomeka kwenye soketi ya kawaida ya chumbani? Kwetu umeme unakatika na kurudi kwa nguvu. — Msomaji, Mwanza

Hapana. AC ipewe laini yake kutoka kwenye swichi kubwa: waya wa milimita 2.5 na breka ya ampea 16 kwa BTU 9,000 na 12,000. Kwa 24,000, waya wa milimita 4 na breka ya ampea 25. Laini ikizidi mita 20, panda saizi moja ya waya. Waya wa ethi ufike kweli ardhini. Ekstensheni isitumike hata kwa usiku mmoja, inayeyuka nyuma ya kabati usione.

Kwa umeme unaorudi kwa kishindo, funga kilinzi cha umeme chenye kuichelewesha AC kuwaka kwa dakika 3. Kompresa ikiwashwa kabla presha ya pande mbili haijalingana, inavuta umeme mwingi bila kuzunguka na inaungua. Mashine nyingi mpya zina ucheleweshaji huo ndani, ila nyingi hazikingi volti zikizidi.

Huku Njombe Julai ni baridi kali. Ni kweli AC inaweza kutoa joto? — Msomaji, Njombe

Inaweza, na kwa umeme mdogo kuliko hita ya waya. Hita ya kilowati 1 inakupa joto la kilowati 1. Spliti ya kubadili mkondo, yaani inayoweza kupoza na kupasha joto, inachota joto lililomo kwenye hewa ya nje na kuliingiza ndani, hivyo kilowati 1 ya umeme inaweza kukupa joto la kilowati 3, au pungufu kidogo usiku unapokaribia nyuzi 0.

Chunga wakati wa kununua. AC nyingi madukani ni za kupoza tu, na alama ya jua kwenye rimoti si ushahidi, maana rimoti moja hutumika kwa aina nyingi. Soma kibandiko cha yuniti yenyewe: lazima kitaje uwezo wa kupoza na wa kupasha joto, kila mmoja na namba yake.

Yuniti ya nje iinuliwe sentimita 15 hivi kutoka ardhini. Ikipasha joto ndani, nje hugandamana barafu, kisha kila baada ya muda inageuza mkondo dakika chache ili iyeyuke. Wakati huo ndani hakutoki joto na nje huonekana mvuke; si hitilafu, usiizime. Mabawa ya yuniti ya ndani yaelekeze chini, kwa sababu hewa ya moto hupanda. Na mpaka utakapoifunga, tafadhali, jiko la mkaa lisilale nanyi chumbani. Moshi wake usioonekana unaua watu usingizini.