Uliza Ujibiwe: Runinga mbili, kura moja, nimuamini nani?

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Mimi nina duka la rejareja huku Kisauni na kila usiku nikifunga hesabu naweka habari. Toka uchaguzi wa 2022 sijapona, manake usiku ule runinga hii Raila yuko juu, nikibonyeza rimoti Ruto yuko juu, na wote wanasema wametoa kwa tume. Siku hizi nimehamia YouTube ndo balaa zaidi, unaona picha ya mbele mheshimiwa analia machozi kwa mishale mekundu, unafungua dakika kumi hakuna hata aliyekohoa, bando limekwisha. Nataka chombo kimoja tu kisicho na upande nitulie. Nitajie. — *Mwenye duka, Kisauni*

JIBU: Waaleikum salaam mwenye duka. Nikikutajia kimoja nitakuwa nakuuzia mbuzi kwenye gunia. Kila chombo kina mwenyewe na mwenyewe ana marafiki, halafu mmoja wa wanaolipia matangazo mengi hapa Kenya ni serikali, sasa piga hesabu hapo mwenyewe. Lakini hiyo usiku yako ya 2022 naipenda, tukae nayo kidogo.

Kilichotokea ni hivi. Kura zilipigwa Agosti 9, na safari hii IEBC, ile tume ya uchaguzi, wakafanya jambo zuri, wakafungua mtandao wakaanza kupandisha picha za fomu 34A, ile karatasi inayojazwa na kusainiwa pale pale kituoni, vituo 46,229 nchi nzima, na ndani ya siku moja na ushei karibu zote zilikuwa juu, yeyote mwenye simu anaona. Ila jumla ya mbio tume hawakuweka. Kwa hiyo kila chumba cha habari kikakalisha vijana wanafungua fomu moja moja na kuingiza namba kwa mkono. Ukianza na fomu za Kisumu na Siaya unamuona Raila anapaa, ukianza na Uasin Gishu na Kericho unamuona Ruto anapaa, na wote wawili mmechota kisima kimoja! Hakuna aliyedanganya kwenye namba. Kosa lilikuwa kuonyesha mzigo uliofika nusu kama mbio za farasi, muziki wa ngoma nyuma na bango jekundu linazunguka, badala ya kumwambia mtu kaunti gani zimeshaingizwa na zipi bado. Hiyo sentensi moja ingekuokoa presha, lakini haina msisimko, na bila msisimko hukai ukaangalia matangazo ya sabuni.

We ni mtu wa duka. Mzigo ukiletwa husaini tu delivari kwa sababu dereva ni mtu wa msikitini, unahesabu maboksi. Basi habari za siasa nazo ukiweza kufika kwenye maboksi, fika.

Mfano ninaoupenda kuliko wote ni wa wiki hiyo hiyo. Agosti 15 marehemu Chebukati, mwenyekiti wa tume, akatangaza pale Bomas, ukumbi wa kujumlishia kura, Ruto 7,176,141 sawa na asilimia 50.49, Raila 6,942,930 asilimia 48.85. Makamishna wanne kati ya saba walishakataa kusimama naye, na kesho yake wakaja na hoja kwamba ukijumlisha asilimia za wagombea wote wanne unapata 100.01, na hiyo 0.01 iliyozidi eti ni kura kama 142,000. Habari ikashika moto mji mzima, huku barazani wazee waliacha kahawa ikapoa. Sasa toa ile kikokoteo unachopigia faida ya unga. Kura halali zilikuwa kama milioni 14.2, asilimia 0.01 ya hapo ni kura 1,420 hivi, sio laki na nusu! Na hata hizo hazikuwa kura za mtu, ni ule utamu wa kukata nukta, kila mgombea asilimia yake imesogezwa kidogo juu au chini basi jumla inapita kidogo. Hesabu ya darasa la sita. Lakini ni wangapi walioisoma ile 142,000 hewani na kuikanusha hapo hapo? Wengi walisoma tu alivyosema fulani, wakaenda mapumziko.

Nisiwaonee hao makamishna, malalamiko yao mengine, kwamba hatua ya mwisho ya kujumlisha walifichwa, kikokoteo hakiwezi kuyajibu. Hayo yalikwenda Mahakama ya Juu, majaji wakaagiza ukaguzi, na Septemba 5 wote saba wakasema matokeo yabaki. Na walipolinganisha fomu za mtandaoni na zile za karatasi zilizofikishwa Bomas hawakuona tofauti ya maana.

Shida ya njia yangu hii, maana najua utaniandikia tena, ni kwamba karatasi haisemi nani alikutana na nani usiku wala kwa nini mbunge wako kahama chama. Hapo unamhitaji ripota huna ujanja. Mimi huangalia kama alikuwepo pale au ameandikia ofisini, kama aliyetuhumiwa amepigiwa simu, kama "duru za kuaminika" ndio habari nzima au ni chumvi tu. Na usimlaumu kwa kichwa cha habari, mara nyingi kile hakiandiki yeye, kinaandikwa mezani saa tatu usiku na mtu anayewaza meza ya muuza magazeti asubuhi. Kuna ripota rafiki yangu huwa anaona aibu kununua gazeti lake mwenyewe.

Na kuwa mkali na vyombo kusikufanye usahau kwamba navyo hukabwa. Januari 30, 2018, Raila alipojiapisha Uhuru Park kuwa "rais wa wananchi", serikali ilizima runinga kubwa mchana kweupe, mahakama ikaamuru ziwashwe na bado zikakaa giza siku kadhaa. Hapo hata ile ya mishale mekundu utaitamani.

SWALI: Mhariri mambo, we kila siku unasema soma karatasi yenyewe. Inapatikana wapi na kwa bei gani? — *Mwanafunzi, Voi*

JIBU: Bure, bei ni bando tu. Miswada na Hansard, yaani kumbukumbu za maneno yote yanayosemwa bungeni, ziko kwenye mtandao wa Bunge, na mbunge akichangia kwa Kiswahili Hansard inamuandika kwa Kiswahili. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali nazo ziko wazi, anza na kaunti yako utacheka kisha utanuna. Ofisi ya umma ikikunyima, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa siku 21 kukujibu, andika barua weka kopi. Ila angalia tarehe! Mswada wa Fedha wa 2024 uliposomwa mwezi wa tano ulikuwa na VAT asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya gari asilimia 2.5, vyote viwili vikatangazwa kutolewa Juni 18, wiki moja kabla vijana walioandamana kuupinga hawajaingia Bungeni, na mtu aliyekuwa na ile PDF ya kwanza aliendelea kubishana kuhusu mkate ambao haumo. Kiingereza chake ni kigumu, hilo nakubali, hata mawakili wanakuna kichwa.

SWALI: Mjomba wangu anatuma kwenye grupu la familia kurasa za mbele za magazeti, nusu yake feki. Nikimsahihisha mbele ya watu ananuna, mama ananigombeza. Nifanyeje? — *Mpwa, Malindi*

JIBU: Grupuni usimguse. Magazeti makubwa huweka ukurasa wao wa mbele kwenye akaunti zao kila asubuhi, chukua ule wa kweli wa tarehe hiyo umtumie yeye peke yake, "shikamoo mjomba, naona huu wa kwangu umetoka tofauti na wako, hebu niangalizie." Atauangalia. Akikujibu marahaba na kunyamaza siku mbili, ujue ameelewa.