Kipimo Bado Kinaonyesha Malaria: Je, ni Usugu?

Swali: Mwanangu wa miaka sita alimaliza ALu, dawa mseto ya malaria, siku kumi na mbili zilizopita na sasa anacheza kama kawaida. Jana nilimpima tena kwa kipimo cha haraka ili kujiridhisha, kikatoa mistari miwili. Muuza dawa anasema ni ile malaria sugu ya Kagera, na ameniuzia majani ya artemisia ya kuchemsha, kisha akashauri mtoto achomwe sindano tatu. Nifanyeje?

Jibu: Mama, mtoto anayecheza, anayekula na asiye na homa hahitaji sindano. Kipimo ulichotumia hakioni vimelea. Hunasa protini iitwayo HRP2 ambayo vimelea huimwaga katika damu, na protini hiyo huweza kubaki majuma kadhaa baada ya vimelea kufa. Maabara yetu hupokea watoto wa namna hii mara kwa mara, wengine wakiwa wameshapewa dozi ya pili au ya tatu, na tunapopaka tone la damu yao kwenye kioo, tukalitia rangi na kulichunguza kwa hadubini, hatuoni kimelea hata kimoja. Kipimo hicho hutambua ugonjwa. Hakifai kuthibitisha kupona.

Linaloniuma zaidi ni jinsi neno "sugu" linavyotumiwa madukani. Usugu upo. Mabadiliko ya jeni yaitwayo R561H kwa upande wa Afrika yalibainishwa kwanza Rwanda, na utafiti uliofanywa Karagwe mwaka 2022 ukayakuta Kagera pia. Lakini usugu huo ni wa sehemu: artemisini, aina ya dawa iliyo nusu ya kwanza ya ALu, huchelewa kuua vimelea, kiasi kwamba baadhi ya wagonjwa huwa bado navyo siku ya tatu. Walio wengi walipona kwa ALu ile ile, kwa sababu lumefantrini, dawa mwenza inayokaa mwilini kwa siku nyingi, ilimalizia kazi. Wala si kweli kwamba "mwili umezoea dawa", maneno ninayoyasikia hata kwa watu waliosoma. Kinachobadilika ni kimelea, na kimelea hicho hicho mbu humpelekea jirani.

Sasa tazama ulichoshauriwa. Sindano ya atesuneti, ambayo ni dawa ya jamii ya artemisini, ni ya malaria kali, na mgonjwa akiweza kumeza ni lazima apewe dozi kamili ya dawa mseto kama ALu. Ikichomwa dukani na matibabu yakaishia hapo, artemisini huachwa bila mwenzake, na vimelea vinavyosalia ni vile vyenye kuistahimili. Ndiyo maana mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitaka vidonge vya artemisini isiyo na dawa mwenza visiuzwe tena. Chai ya artemisia, mmea unaotoa artemisini, ina kasoro hiyo hiyo, tena kiasi cha dawa hutofautiana kutoka mmea hadi mmea, hivyo hakuna awezaye kukueleza kikombe kimoja kina nini. Mwaka 2019 Shirika hilo lilieleza wazi kwamba haliungi mkono matumizi yake. Anayeuza vitu hivi kama tiba ya usugu ndiye anayeukuza.

Mwanao akipata homa tena, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, taja tarehe aliyomaliza ALu na uombe apimwe kwa hadubini. Akipata degedege, akitapika kila anachopewa au akishindwa kukaa, usipoteze muda kumpima nyumbani, mkimbize hospitali.