Serotonini na vidonda vya tumbo, kwa nyie mnaoanza famakolojia

Wengi mnaingia mkijua serotonini ni kemikali ya furaha, inakaa kichwani, basi. Wekeni hiyo pembeni kwanza. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko kwenye njia ya chakula, na mtafiti Erspamer kule Italia aliikuta huko huko miaka ya 1930 akaiita enteramini, kabla Wamarekani hawajaitoa kwenye damu mwaka 1948 wakaipa hili jina la sasa.

Sasa vidonda. Panya ukimdunga serotonini dozi kubwa, tumbo linatoka michubuko yenye damu, hasa ile sehemu yenye tezi. Mwanafunzi mpya hapo hapo anasema asidi imezidi. Angalia damu kwanza bwana! Serotonini inabana mishipa midogo, damu haifiki vizuri kwenye utando wa tumbo, seli zinakosa oksijeni, halafu asidi ya kawaida tu inatosha kumalizia kazi.

Ndo maana dawa za kuzuia serotonini kama methisajidi, saiproheptadini na ketanserini zikitangulia kabla ya kudunga, vidonda vinapungua. Na hapa ndo watu wengi wanapotea, maana matokeo yakitoka mazuri kila mtu anaandika "serotonini ndo chanzo" wakati saiproheptadini inazuia na kemikali nyingine za mwili, histamini na asetilikolini, ketanserini nayo inaziba vipokezi (sehemu za seli ambako kemikali inajishika) vya adrenalini vinavyobana mishipa, sasa utajuaje nani kafanya kazi? Tumia dawa zaidi ya moja, zenye tabia tofauti. Vipokezi vya serotonini viko aina 14, kwa hiyo ondansetroni, inayoziba aina ya tatu (5-HT3), ikishindwa imeshindwa kwenye hiyo tu, usiifanye isemee zote.

Muda pia. Dawa iliyotangulia kidonda imekinga, haijatibu, na mgonjwa anakuja kidonda kishatoka.

Maabara: fungua tumbo la panya kwa kufuata ule upinde wake mkubwa wa nje, suuza taratibu na maji ya chumvi (ukisugua unatengeneza vidonda vyako mwenyewe), libane na pini likae bapa, pima urefu wa kila mstari wa kidonda kwa milimita. Anayepima asijue panya yupi kapewa nini. Hili mimi sina mjadala nalo.

Mkifika wodini msiende kutafuta ketanserini ya vidonda, haiko kwenye matibabu ya kawaida. Huko ni omeprazoli ya kupunguza asidi, na antibayotiki kama kuna bakteria Helicobacter pylori. Ondansetroni mtaikuta, ila ni ya kutapika. Serotonini yenyewe inarudi kwa mlango mwingine: dawa za sonona kama fluoksetini zinazuia chembe sahani za damu zisiibebe, damu inachelewa kuganda, na mgonjwa akichanganya na ibuprofeni au daiklofenaki hatari ya kutoka damu tumboni inapanda. Kwa hiyo mtu wa sonona akija analalamika mgongo, muulize kwanza anameza dawa gani za maumivu, na zile za kujinunulia dukani mtajie kwa majina, maana wengi hawazihesabu kama dawa.