Ukizifungua risasi ulizojaza mwenyewe: kipi kirudi kazini, kipi kitupwe

Anayejaza risasi zake nyumbani, siku moja atalazimika kuzifungua. Pengine kichwa, yaani kile kinachoruka kwenda shabahani, kimekaa nje mno na boliti (komeo la bunduki) haifungi. Pengine umepiga mbili tatu za mwanzo, boliti ikawa nzito kuinua na fataki, kile kiwashio kidogo kitakoni mwa ganda, imebapa, dalili kwamba presha imezidi. Kinachobaki mezani ni ganda, fataki, baruti na kichwa, na wenzangu walioanza kujaza huku Marekani kwa ajili ya msimu wa kulungu huuliza lile lile: virudi, au vitupwe?

Sheria kwanza, maana hapo ndipo mgeni hujikwaa. Kwa sheria ya shirikisho huhitaji leseni kujaza risasi za matumizi yako mwenyewe, ila ukiwauzia watu unatakiwa uwe na leseni ya mtengenezaji. Aliyeko kwa viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi kushika bunduki wala risasi, isipokuwa anaingia kwenye mojawapo ya misamaha, kama kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Majimbo nayo yana masharti yao. Kenya na Tanzania, bila kibali usiguse kabisa.

Wengi huanza na nyundo ya plastiki: risasi inafungwa ndani ya kichwa cha nyundo, unagonga kwenye kitu kigumu, ganda linasimama na kichwa kinaendelea na safari. Vaa miwani. Zile ndogo za .22 zenye kiwashio ukingoni mwa kitako, kamwe usizigonge humo. Weka kipande cha sponji ndani, kwenye ncha ya nyundo, la sivyo vichwa vyenye ncha laini vitabonyea. Ukiwa na hamsini za kufungua, nunua kichomoleo cha kufunga kwenye presi, mashine ya mkono ya kujazia risasi. Hakina kelele na baruti inabaki ndani ya ganda. Kichwa kikigoma, hasa kwenye risasi zilizokaa miaka, kishindilie ndani kidogo tu kwa dai (kalibu ya chuma inayofungwa kwenye presi), utasikia kimeachia, halafu kivute.

Sasa baruti, na hapa mimi ni mkali. Kampuni ya Hodgdon wana H4350, kuna IMR 4350, kuna na Accurate 4350. Namba ni moja, baruti ni tatu, na kipimo cha moja hakihamishiwi nyingine. Zimwage kiganjani: vijiti vifupi vya rangi ya kijivu, hakuna jicho litakalokuhakikishia ipi ni ipi. Kwa hiyo kinachoamua ni daftari lako na kibandiko kwenye boksi. Ikiwa ni risasi zako, umeandika baruti gani, na bado una kopo lile lile, fungua moja moja, mwaga kila kipimo kwenye mizani, linganisha na daftari, ipitishe kwenye chujio kutoa vipande vya sponji, itumie. Ikiwa ulizifungua kwa sababu unashuku ulichota kopo lisilo lenyewe, basi baruti yote itupwe, hata kama ni nusu paundi. Risasi za kupewa na jirani, au zilizonunuliwa kwenye maonyesho ya bunduki ndani ya mfuko usio na jina, baruti yake haina mjadala, itupwe. Biashara hii yenyewe ilikua kwa mtumba, kwani Bruce Hodgdon, mwanzilishi wa kampuni hiyo, aliwauzia raia baruti ya 4895 iliyosalia jeshini baada ya Vita vya Pili vya Dunia, lakini aliyenunua alijua ananunua nini.

Inuse pia. Ikitoa harufu kali ya asidi, au kuna vumbi jekundu-kahawia, imeanza kuoza. Usiirudishe kopo lolote. Ya kutupwa isambaze kidogo kidogo juu ya majani ya uani, ina nitrojeni, mvua itaimaliza. Usiilundike mahali pamoja, wala usiimwage chooni.

Vichwa vina nafuu. Pima kipenyo kwa kalipa (kipimio cha taya mbili), kisha uzito. Bunduki ya .308 inataka kichwa cha inchi 0.308, ilhali vya .303 ya Waingereza ni karibu 0.311, na kwa macho ni mapacha. Cha greini 165 na cha 168 navyo hufanana (greini ni kipimo kidogo cha uzito, cha vichwa na baruti). Vyenye mikwaruzo ya kichomoleo vitumie kufanyia mazoezi ya shabaha.

Ganda lenye fataki hai liache na fataki yake. Toa pini ya kung'olea fataki kwenye dai, ndipo ukaze shingo ya ganda, kwa sababu baada ya kuvutwa haishiki kichwa kama mwanzo. Ikibidi fataki itoke, isukume polepole kwa presi, miwani usoni, bila kugonga. Usidanganyike kwamba ukiiloweka kwenye mafuta imekufa, mara nyingi haifi. Fataki usiyoihitaji iache ndani ya ganda tupu, kaipige uwanjani kwa bunduki ile ile, mtutu ukielekea kwenye kinga ya kuzuia risasi.

Kama sababu ya kufungua ilikuwa presha, usipunguze greini moja kwa kubahatisha ukaendelea. Rudi kwenye kipimo cha kuanzia cha kitabu cha mtengenezaji wa baruti hiyo, jaza chache, andika boksini tarehe, baruti, uzito wa kichwa, na kwamba ganda na fataki ni za marudio.