Kufundisha kanuni ya Ohm kwa mita moja tu
Mwalimu, umeuliza ufanyeje na wanafunzi 40, mita moja ya kupimia umeme, na karakana isiyo na intaneti. Pakua programu ya kuigiza saketi za DC (umeme wa mkondo mnyoofu, kama wa betri) ya PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ni bure, na unaruhusiwa kuinakili ukitaja chanzo. Inakuja kama faili moja la html. Ligawe kwa flashi. Likigoma kwenye simu, lifungue kwa Chrome.

Ndani ya programu, waunge betri ya volti 9 na rezista ya omu 10, amita (kipima mkondo) katika mfululizo: itasoma ampea 0.90, yaani volti 9 kugawanya kwa omu 10, kama kanuni ya Ohm isemavyo. Kisha waiweke amita sambamba na betri, waone moto ukiwaka kwenye skrini. Ukinzani wa amita ni mdogo mno, mkondo unapita bila kizuizi. Ndivyo fyuzi za mita halisi zinavyoungua. Asiyeliona hili kwanza, usimpe mita.